Jino la Kumi na Nane

Gari letu tulilipa jina la Bibi kwa sababu tatu: alikuwa mzee, alikohoa kila asubuhi kabla ya kusema lolote, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ni gari la mizigo la dizeli, lile la bodi iliyofungwa pande zote kama sanduku. Nyuma nilimchongea rafu za mbao za kushikilia makasha ya vifaranga, nikamtoboa matundu ya hewa ubavuni, matundu mengi hata jirani yetu akaniuliza kama nimepigana vita na nani.

Vifaranga ni kazi ya mke wangu. Mimi ni dereva tu, na mbeba makasha, na mtu wa kufukuzwa kwenye chumba cha nyuma kila ninapochungulia bila kunawa mikono. Humo chumbani ana mashine tatu za kuangulia mayai, na kwa siku kumi na saba za mwanzo huyageuza mara kadhaa kwa siku, kwa zamu, kama mama anayembadilisha mtoto upande wa kulala. Siku ya kumi na nane anaacha. Hapo hakuna ruhusa ya kugusa. Anasema kifaranga ameshachagua kichwa chake kikae wapi, na ukimgeuza tena utakuwa umemharibia mpango. Siku ya ishirini na moja wanatoka wote, karibu kwa pamoja, kama watu waliosikia kengele.

Safari hii yalikuwa mayai elfu moja na mia nne. Hatujawahi kuwa na mengi kiasi hicho. Mfugaji mmoja mkubwa, ng'ambo ya milima, mwendo wa saa tatu, alikuwa amewaagiza vifaranga wote watakaotoka na tayari alikuwa amewasha moto kwenye banda lake. Kwetu hapakuwa na banda la kuwatosha, wala chakula chao. Kifaranga anapovunja ganda huwa na akiba ya kiini tumboni ya kumfikisha siku mbili, ya tatu ni kubahatisha. Baada ya hapo, usipomfikisha panapostahili, anakufa mkononi mwako. Na magari mengine ya mtaani yalikuwa wazi nyuma. Upepo wa mlimani ungewamaliza kabla ya njaa. Kwa hiyo ni Bibi au basi.

Siku ya ishirini, asubuhi, Bibi akaanza kuchapa. Tap, tap, tap, sauti ya kandambili mvua ikinyesha. Nikazima, nikafungua kifuniko cha mbele ya injini, nikaona mkanda wa taimingi umepasuka-pasuka kama kisigino cha mkulima, na meno matatu hayapo.

Kwa asiyejua, niseme hivi. Ule mkanda ni mpira wenye meno kwa ndani, na kazi yake ni kuzifanya sehemu mbili za injini zikumbukane. Chini kuna kranki inayopandisha na kushusha pistoni. Juu kuna kamshafti inayofungua na kufunga valvu. Pistoni inapopanda, valvu iwe imeshaondoka njiani. Zinapishana kwa nafasi isiyotosha kupitisha ukucha, mara elfu na zaidi kwa dakika, mwaka hadi mwaka, na kinachozizuia zisigongane ni kile kipande cha mpira tu. Mkanda ukikatika barabarani, zinakutana. Zikikutana, injini inanoki, yaani inagonga ndani kwa ndani, na imekwisha.

Nikaenda kwa Fundi Meno.

Fundi Meno ni kiziwi. Masikio yake yaliaga dunia zamani, yeye akabaki. Anasoma midomo, na akitaka kuijua injini anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma chake, anauma mpini wa mbao kwa meno ya mbele, anafumba macho. Sauti inapanda kwenye chuma, inaingia kwenye taya, inamfika. Amebakiwa na meno machache kwa umri wake, lakini yale ya mbele anayapiga mswaki kama bwana harusi, maana ndiyo chombo chake cha kazi. Watu humtania kwamba siku yakidondoka atastaafu.

Nikamweleza nikitanua mdomo vizuri. Akanitazama midomo mpaka mwisho.

"Mkanda ninao," akasema kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Kesho asubuhi nakuja. Leo nimeshika injini ya watu, iko vipande vipande. Wewe nenda nyumbani, ukae. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini mimi, mzee?"

"Nakujua. Usiguse kitu."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mbuzi aliyesimama karibu na nguo zilizoanikwa.

Sasa, mimi maisha yamenichapa vya kutosha. Nimewahi kuuza miwani ya jua msimu wa mvua, na mwaka mmoja niliuguza mguu uliovunjwa na ngazi niliyoitengeneza mwenyewe. Ungedhani nimejifunza. Lakini nilirudi nyumbani nikamsimamia Bibi, nikaona ile injini imejaa grisi na vumbi la miaka, nikaona haya. Fundi aje akute uchafu huu? Na nikajiambia, nikimfungulia mkanda wa zamani leo, kesho kazi yake itakuwa nusu. Mke wangu alikuwa chumbani na mayai yake, hakuna wa kunikataza.

Nikalegeza kikaza mkanda. Nikauvuta mkanda, ukatoka bila ubishi. Puli ya juu, lile gurudumu la meno linaloizungusha kamshafti, ikaruka yenyewe, tak! na kusimama upande mwingine kabisa. Nikashtuka kidogo, lakini nikasema alama si zipo? Kila puli kiwandani hugongwa kitobo kidogo cha kuonyesha pa kuilinganisha. Nikachukua mafuta ya taa na brashi ya waya, nikasugua. Nilisugua mpaka jioni. Kwenye jino moja la puli ya juu palikuwa na doa jekundu, gumu kama kigaga, nikalisugua kwa bidii za pekee mpaka likatoka. Injini ikang'aa kama sufuria la mgeni. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja Fundi Meno alikuja na mkanda mpya begani kama skafu. Akainama kwenye injini. Akainuka. Akainama tena. Kwanza alicheka, nami nikacheka, nikidhani ananisifu. Halafu akaacha kucheka, mimi nikaendelea peke yangu kidogo.

"Iko wapi rangi ya mke wako?"

"Rangi gani, mzee?"

"Rangi ya kucha! Nyekundu! Kwenye jino la puli!"

Nikatazama brashi yangu ya waya. Ndipo akanieleza, akinipiga-piga kifuani kwa kidole kila neno. Mwaka ule nilipokuwa nimelala na mguu, puli ya juu ya Bibi ilipasuka. Ya aina yake haikupatikana, akaweka ya injini nyingine, meno sawasawa, ila kitobo chake cha kiwandani kilikuwa mahali pengine.

"Kitobo hiki ni mwongo," akasema. "Nilitafuta mahali pa kweli siku nzima. Nilipopaona nikapaka rangi ya mkeo, kwa sababu rangi ya kucha haitoki na mafuta."

"Kwa brashi ya waya inatoka," nikasema kwa sauti ndogo.

"Hata ungenong'ona nimekuona!"

"Na wewe hukumbuki ni jino lipi?"

"Ningekumbuka kwa nini? Si nilipaka rangi ili nisikumbuke?" Akafuta uso kwa kiganja. "Puli ina meno mengi. Ningefungua kifuniko cha juu nikaiangalia kamshafti yenyewe, lakini gasketi inayoziba mafuta pale ukiifungua imekufa, na mpya nitaipata keshokutwa. Vifaranga wako wanasemaje?"

Nikageuka kutazama nyumba. Mgongo wangu aliusoma vizuri kuliko midomo yangu.

Nikaenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, nikabisha, jambo ambalo kwa kawaida sifanyi. Mke wangu alifungua upenyo wa kutosha pua. Joto lenye unyevu likanipiga, pamoja na ile sauti. Sijui niielezeje. Kama mvua nyembamba inayoanguka juu ya majani makavu, ila inatoka ndani ya mayai: mamia ya midomo midogo inayogonga.

"Wameanza," akasema, macho yakimng'aa. Kisha akaniona uso. "Umefanya nini, baba?"

"Kwa nini unauliza nimefanya nini? Kwa nini huulizi kumetokea nini?"

"Umefanya nini?"

Nikamwambia. Sikuongeza chumvi, haikuhitaji. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akarudisha mlango nyuma yake taratibu, akanipita, akaenda mpaka kwenye gari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Pole kwa kuolewa."

"Nimeshapoa." Akainama juu ya injini, akatafuta kwa kidole kile kitobo cha uongo, akakipata. "Ni hiki ulichoniambia nikiwekee kidole siku ile, nikakushikia na tochi?"

Fundi akakodoa macho. "Hicho."

"Kutoka hapa mpaka pale ulipopaka rangi ni meno kumi na nane."

Sisi wanaume wawili tukatazamana.

"Una uhakika?" nikauliza.

"Mimi huhesabu kila kitu, unajua. Hata ngazi za zahanati. Nilikuwa nimeshika tochi, sina la kufanya, nikahesabu. Kumi na nane. Nikacheka moyoni, kwa sababu siku hiyo hiyo mayai yangu ya kwanza kabisa yalikuwa yametimiza siku ya kumi na nane. Yale thelathini, ya kwenye boksi lenye balbu. Wewe ulikuwa kitandani unalalamika uji ni mwepesi. Nilikuwa nimeacha kuyageuza asubuhi ile, naogopa, sijui kama kuna kitu ndani. Siwezi kuisahau namba hiyo."

Fundi Meno alikuwa amesoma kila neno mdomoni mwake. Akavua kofia.

"Kumi na nane kuelekea kulia au kushoto?"

Mke wangu akafumba macho. Akanyoosha mkono kana kwamba ameshika tochi. Akakaa hivyo, akaushusha.

"Idadi ninayo, fundi. Upande sina."

"Basi ni mawili tu," akasema Fundi Meno. "Kutoka meno yote yale, yamebaki mawili. Mwanamke huyu alipaswa kuzaliwa na spana mkononi. Wewe," akanigeukia, "utazungusha. Kwa mkono. Polepole kama unamwamsha mkwe."

Kwanza alirudisha kranki nyuma robo mzunguko, ili pistoni zote zikae katikati, mahali ambapo haziwezi kumdhuru mtu. Akahesabu meno kumi na nane kulia, akaweka puli hapo, akairudisha kranki kwenye alama yake ya chini, iliyokuwa ya kweli, akavisha mkanda na kuukaza. Mimi nikaingiza spana kubwa kwenye nati ya kranki. Yeye akasimamisha ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha injini, akauma mpini, akafumba macho. Mkono mmoja akauinua hewani, kama mtu anayeomba kimya msikitini au kanisani.

Nikavuta spana. Kranki ikajongea. Sikusikia kitu ila pumzi zangu. Nikavuta tena, upana wa kidole.

Mkono wa fundi ukashuka.

Nikaganda. Mimi sikuwa nimehisi chochote, naapa, hata kizuizi cha kuzuia nzi. Akatoa bisibisi mdomoni.

"Zimegusana."

"Mzee, mbona laini kabisa?"

"Zimegusana kama kope na kope. Ungevuta kidogo zaidi ungezikunja. Rudisha."

Nikarudisha. Nimekaa na magari miaka mingi, nimewatania mafundi wa kila aina, na huyo mzee nilimtania kuliko wote. Lakini pale nilimwona mtu asiyesikia hata radi akisikia vyuma viwili vikigusana ndani ya giza la injini, kupitia mti na mfupa.

Akalegeza, akahesabu kumi na nane kushoto. Mke wangu naye akahesabu pamoja naye, midomo yao ikienda sawa, mmoja kwa sauti kubwa na mwingine bila sauti. Mkanda ukavishwa. Bisibisi mdomoni. Mkono juu.

Nikavuta. Kidole kimoja. Viwili. Nikapita pale tulipokwama, mkono haukushuka. Robo. Nusu. Jasho lilinidondoka puani na sikuthubutu kulifuta. Mzunguko mmoja kamili. "Endelea," akasema kwa puani, meno yakiwa yamebana mpini. Mzunguko wa pili. Alama ya chini ikarudi mahali pake, na kumi na nane yetu ikasimama juu, imetulia.

Akafumbua macho. Yalikuwa na machozi, labda ya kubana macho sana. Sikumuuliza.

"Mama," akasema, "lete rangi."

Mke wangu akakimbilia ndani na kurudi na chupa ndogo nyekundu. Fundi alipaka jino lile kwa brashi ndogo, taratibu, ulimi nje. Kisha akanipa chupa nami, akanielekeza nipake tena juu yake. "Ili safari ijayo ujue unachokisugua."

Nikapanda, nikapiga starta. Bibi akakohoa. Akakohoa tena, akatoa moshi wa bluu, akawaza. Halafu akashika.

Fundi Meno akanivuta kwa shati, akanipa bisibisi. "Uma."

"Mimi?"

"Uma, wewe mwenye masikio mawili ya mapambo."

Nikauma mpini, uliokuwa na alama za meno yake miaka yote ile, nikafumba macho.

Nilitegemea kelele. Kelele ilibaki nje. Ndani ya kichwa changu, nyuma ya macho, niliingia ndani ya Bibi. Niliwasikia wale wote wakipishana: huyu anapanda, yule anaondoka, huyu anashuka, yule anarudi, hakuna anayesukumana, hakuna anayechelewa. Nilimwendesha miaka yote nikidhani ni kizee kinacholalamika, kumbe ndani watu wanacheza, na hawajawahi kukanyagana. Nikasahau kuna kazi. Fundi alilazimika kunitoa bisibisi mdomoni.

"Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto.

Mke wangu alikuwa amerudi chumbani. Akatoka amebeba yai moja kwa viganja viwili, moja la waliochelewa, lenye ufa mdogo kama nywele. Akamwendea fundi, akamwonyesha, akagusa taya lake mwenyewe. Fundi hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akafuta mikono kwenye suruali mara tatu, akalipokea, akaligusisha kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio lililokufa.

Tulisimama. Bibi alikuwa akinguruma taratibu pembeni.

"Inanoki," akanong'ona Fundi Meno. Sikujua kwamba anajua kunong'ona. "Mama, hii inanoki."

"Hiyo inatakiwa kunoki, fundi."

Alikaa nalo pale muda mrefu. Hakulirudisha. Alisema atalimalizia kuliatamia mwenyewe, akalitia kwapani chini ya shati, akaondoka kwa hatua ndogo kama bibi harusi, akisahau spana zake kwenye bampa.

Kufika alasiri vifaranga waliokauka manyoya walikuwa elfu moja, mia mbili na tisini na saba. Mke wangu aliwahesabu mara mbili wakiingia kwenye makasha. Tuliwapanga kwenye rafu, tukafunga milango, akakaa kando yangu na kitambaa mapajani, tukaondoka.

Mlima ni mkali upande wetu. Zamani Bibi akipanda pale nilikuwa namwimbia matusi mpaka kileleni. Siku hiyo nilipanda nikiwa nimefunga mdomo. Tukapita kona ya kwanza, ya pili, jua likitushukia upande wa kushoto.

"Unaumwa?" mke wangu akauliza.

"Hapana."

"Husemi kitu tangu nyumbani."

"Nasikiliza."

Akanitazama kwa pembe ya jicho, kisha naye akatega sikio. Nyuma yetu vifaranga nao walikuwa kimya kabisa; nadhani ngurumo iliwatuliza, au waliichukulia ni mama. Niliwaza kila sekunde mambo mangapi yanapishana chini ya miguu yangu kwa upana wa ukucha, na kwamba yanapishana kwa sababu mwanamke mmoja, akiwa na hofu ya mayai thelathini, alihesabu meno.

Tulifika jioni mwanga ukiwa bado upo. Mfugaji alikuwa mlangoni pa banda, joto likitoka nyuma yake. Nikasimama, nikaweka breki ya mkono, nikazima.

Ukimya ukadumu kama pumzi moja. Halafu, nyuma yetu, kwenye matundu yote niliyotoboa, sauti elfu moja, mia mbili na tisini na saba zikaanza kwa pamoja, na mke wangu akafungua mlango akiwa tayari anahesabu.